Mali ya Kutikisiwa Fimbo

Darasa langu la Kiingereza lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi, Nyegezi, mahali ambapo honi za mabasi ya mikoani zinaingia dirishani bila hodi. Nilikuwa na ubao mmoja, feni mbovu, na wanafunzi wa jioni waliochoka kabla sijafungua mdomo: dada wa mapokezi hotelini, wakala wa tiketi, fundi simu, wauguzi wawili watatu. Watu wazima hawataki kufundishwa kwamba huyu ni paka na yule ni mbwa. Wanataka Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe wanakisema wakiwa wamevua viatu. Basi kila wiki nilichagua jambo moja tukasoma misemo yake ya mtaani, na wiki ile ilikuwa zamu ya utajiri.

Nilikuwa nimejiandaa kwelikweli, na nikijiandaa huwa sipendi kukatizwa. Ndiyo maana mlango ulipofunguliwa katikati ya somo nilikunja uso kwanza, kisha nikaukunjua haraka, maana aliyeingia alikuwa mama mtu mzima wa umri wa mama yangu, amejitanda khanga, na mkononi ana fimbo nyembamba iliyong'aa kwa kushikwa miaka mingi.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Nakutafuta wewe, mwalimu. Nimekuja kusoma."

Alikuwa ametoka huko Kisesa, upande wa Bujora, akapanda magari na kubadilisha, akaulizia njia nzima hadi akafika kwangu. Wanafunzi walimpisha kiti cha mbele. Nikamuuliza anataka kujifunza nini hasa, nikitegemea aseme salamu na majina ya vyakula. Yeye akaegesha fimbo ukutani, akaeleza shida yake mbele ya darasa zima kama mtu anayetoa taarifa kwenye kikao cha ukoo.

"Nina mkwe wangu Mzungu. Yeye na binti yangu wanakaa nje, lakini wamejenga nyumba Kiseke. Wanakuja likizo, wanataka kunihamishia kwenye hiyo nyumba, wanasema kule kwangu naishi kwa shida. Mimi kwangu sitaki kutoka. Nataka nimwambie mkwe kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi si maskini."

"Sasa mama, si binti yako amwambie?" fundi simu akauliza.

"Binti yangu naye anaamini mimi ni maskini."

"Nani kamwambia?"

"Mimi," akasema.

Darasa likacheka, naye akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Akaeleza kwamba tangu binti aondoke, kila akipiga simu na kuuliza mama mpo vipi huko, yeye hujibu, "Tupo tu mwanangu, hatuna kitu." Ajibu nini kingine? Aseme tumeshiba, tumejaa, mali imetapakaa? Wanafunzi wangu, wengi wao Wasukuma, wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Hakuna mtu mwenye adabu anayesema hivyo. Binti alisoma bweni tangu mdogo, kisha akaenda mbali, akayasikia maneno ya adabu akadhani ni habari.

Mimi peke yangu ndiye ambaye sikuelewa, na sababu naijua. Mimi ni Mjita, binti wa mvuvi wa upande wa Mara, na kwetu mali haikufichwa hata siku moja. Ziwa likitoa, baba alirudi nyumbani akiimba, na kabla jua halijazama mji mzima umeshajua. Alinunua redio kubwa kuliko meza ya kuiwekea. Alivaa suti Jumanne, akaenda nayo kilabuni, akanywesha waliompenda na wasiompenda. Ziwa likifunga, suti iliuzwa, redio ikafuata, nasi tukala ugali na dagaa bila kinyongo, maana tulikuwa tumeonekana. Nilimpenda baba kwa hilo, na nilikua nikiamini kwamba mali isiyoonekana haipo.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama kwamba amekuja siku yake hasa, akae atulie, kila atakachohitaji kiko ubaoni. Nikaendelea na somo.

Waingereza, niliwaeleza, wakitaka kusema mtu ana pesa nyingi, husema ana pesa za kuchoma moto. Wakala wa tiketi akauliza kwa nini azichome na ndugu wapo. Husema pia kwamba mtu anagaagaa ndani yake, kama punda vumbini. Wengine wakasema hiyo inaeleweka. Husema mtu amezaliwa na kijiko cha fedha mdomoni, na muuguzi mmoja akasema yeye amezalisha wengi na huyo hajamwona. Lakini nilipofika kwenye ule wa kwamba tajiri ananuka, na mwenzake wa kwamba tajiri ni mchafu, yule mama akainua mkono.

"Huyo tajiri anayenuka, wanamsema akiwepo au akiwa hayupo?"

"Akiwa hayupo, mama."

"Nilijua," akasema. "Hayo ni maneno ya jirani asiyepewa maziwa."

Nikageuka nikaandika msemo mwingine.

Akaja tena wiki ile na wiki iliyofuata, na baada ya somo nikawa nabaki naye peke yake. Nilidhani kazi ni ndogo. Nilitaka aseme sentensi moja fupi tu, kwamba mimi ni tajiri, kisha tumalize, mkwe aelewe, kila mtu alale kwake. Akashindwa. Si kwamba ulimi ulikuwa mzito, maana aliyashika maneno upesi kuliko dada wa mapokezi. Alifika neno la mwisho, akavuta khanga, akafunika mdomo, na neno likaishia humo ndani. Tukarudia. Akafunika tena. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo feni ilikuwa imekufa kabisa.

"Mama," nikamwambia, "kama hutaki kulisema hapa mbele yangu, utalisemaje mbele yake? Basi uhamie Kiseke ukapumzike."

Hakukasirika. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto wa mtu mwingine aliyekosa adabu, ambaye huwezi kumchapa.

"Mwalimu, wewe una mkwe?"

"Sina."

"Mkwe ni mtu wa heshima. Mimi na yeye hatuli chombo kimoja. Hatukai mkeka mmoja. Jina lake silitaji. Sasa mtu wa hivyo nisimame mbele yake nijisifu mali? Kwa Kisukuma siwezi, mdomo utapinda. Kwa Kiswahili nitaona aibu, nacho kimeshaingia mwilini. Nikafikiri, kwa Kiingereza labda mdomo hautajua unasema nini. Kumbe unajua."

Nimefundisha miaka mingi na nimesikia sababu nyingi za watu kutaka Kiingereza: kazi, visa, mchumba, kumkomoa bosi. Sijawahi kusikia iliyo nzuri kama ile. Alitafuta lugha ambayo ingemwezesha kusema ukweli bila kuvunja heshima, akasafiri kuifuata. Nilimpenda pale pale, na hasira zangu zikaniaibisha.

Basi tukakaa chini tukatafuta upya. Nikamuuliza mali yake ni nini. Akasema ni tung'ombe, yaani ving'ombe vichache tu. Nikamuuliza tung'ombe tungapi, akavuta khanga mdomoni, nikajua nimeuliza vibaya tena. Hilo angalau nilikuwa nimelisikia, kwamba ng'ombe na watoto hawahesabiwi kwa sauti. Kwa hiyo tulihitaji maneno yasiyo na hesabu, yasiyo na majivuno, na ambayo mkwe akiyasikia hatabaki na shaka. Nikapekua kichwani misemo yangu yote. Pesa hakutaka zitajwe. Kijiko hakukitaka. Mwishoni nikakumbuka mmoja ambao hata sikuwa nimeuandika ubaoni kwa kuuona wa kizee. Nikamwambia kwamba Waingereza, kitu kikiwa kingi mno, husema ni kingi kuliko mtu anavyoweza kukitikisia fimbo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akageuka akaitazama fimbo yake ukutani, kisha akanitazama mimi, na khanga ikaanguka begani, maana alikuwa anacheka kwa mikono miwili.

"Huyo wa kwanza kusema hivyo, alichunga ng'ombe wapi?"

"Sijui, mama. Hata wao nadhani hawajui."

"Alichunga," akasema. "Huyo alichunga."

Akajifunza sentensi nzima jioni hiyo hiyo: ng'ombe zangu ni wengi kuliko ninavyoweza kuwatikisia fimbo. Alipofika neno la mwisho hakufunika mdomo. Alinyoosha fimbo mbele yake akaitikisa kidogo, na maneno yakatoka moja kwa moja nyuma yake, kama yamefunguliwa zizi.

Binti na mkwe walipofika, akaniomba niende kwake siku ya Jumamosi. "Uwe karibu unisikilize nisikosee," akasema. "Lakini usinisemee." Nikaahidi.

Kwake ni mbele kidogo ya Kisesa, ukiacha lami. Ua wa minyaa, mawe makubwa nyuma ya nyumba, nyumba yenyewe ya tofali, ndogo, safi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi unaona alama za ufagio. Nami nilikuwa nimekuja na picha kichwani ya zizi lililojaa mbavu na pembe, kwa hiyo nilipoingia nilitafuta zizi kwanza. Zizi lilikuwepo. Ndani yake alisimama ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake.

Nikasema moyoni, labda wengine wako malishoni. Nikamuuliza taratibu. Akasema hapana, hapa yuko huyo na mtoto wake. Akaenda kuchochea moto. Niseme ukweli, nilikosa raha. Nilianza kuwaza kwamba nimemfundisha mama wa watu kusema uongo kwa Kiingereza safi.

Binti alikuwa mwembamba, mwenye haraka, anashika kila kitu na kukiweka mahali pengine. Alikuwa amekwisha kulia mara moja asubuhi, alipomwona mama yake akiogea beseni. Mkwe alikuwa mtu mkubwa, mwekundu kwa jua, mwenye upole ambao ungekufanya umwonee huruma. Alikuwa amejifunza neno moja tu, shikamoo, na alimpa kila mtu, pamoja na mimi niliye mdogo kwake, pamoja na msichana wa jirani aliyeleta kuni. Alibeba picha za nyumba ya Kiseke kwenye simu, vigae, tangi la maji, geti la chuma, akataka sana mama mkwe azione.

Mama mkwe hakuziona, kwa sababu hakukaa naye. Yeye alikaa ndani, nyuma ya mlango ulioegeshwa, khanga hadi kwenye macho, na mkwe alikaa nje barazani. Maneno yalipita kwenye upenyo. Kwa sisi tuliokuwepo hiyo ilikuwa heshima kubwa, mwanamume amepewa kila alichostahili. Kwake yeye ilikuwa picha ya mama mgonjwa aliyejifungia gizani. Nilimwona anavyoutazama ule mlango. Akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama mama anaogopa watu siku zote.

"Mama, unakula vizuri?" binti akauliza.

"Chakula kipo, kadogo kadogo," mlango ukajibu.

"Usiku hupati baridi?"

"Tumezoea."

Kila jibu lilikuwa adabu tupu, na kila jibu lilikuwa linamfungia mizigo ya kwenda Kiseke. Binti akatafsiri yote kwa mumewe, neno kwa neno, akiwa na machozi. Nami nimekaa kwenye kigoda katikati yao, nimeufunga mdomo wangu, jambo ambalo watu wa kwetu hatukuumbiwa.

Ndipo mama akakohoa. Ncha ya fimbo ikatokeza kwenye upenyo wa mlango. Ikatikisika. Na sauti ikatoka nyuma yake, Kiingereza kimenyooka, kila neno limekaa mahali pake: ng'ombe zangu ni wengi kuliko ninavyoweza kuwatikisia fimbo.

Mkwe akashtuka, akatabasamu, kisha akageuza kichwa akatazama zizi. Ng'ombe mwekundu alikuwa anacheua. Ndama alikuwa amelala. Mkwe akanitazama mimi, na katika uso wake nikaona lile tabasamu linaondoka na kitu kingine kinakuja badala yake. Akamwinamia mkewe. Alinong'ona, lakini mimi masikio yangu yalilipiwa ada. Alisema labda ndiyo dalili zenyewe. Alisema umri ukifika akili huanza kuona vitu, hata bibi yake ilimtokea, na kwamba mtu wa hivyo haachwi akae peke yake.

Binti akajifunika uso. "Tumechelewa," akasema kwa Kiswahili. "Tungemchukua zamani. Mama, jioni hii unaondoka na sisi. Sitaki kusikia kitu."

Nilisimama. Maneno yalikuwa yamenijaa hadi kooni, ya lugha zote ninazozijua, na mengine ambayo hayafai kwa mkwe wa mtu. Nilikuwa nimeahidi kutomsemea, lakini sikuahidi kukaa nikitazama anavunjiwa mji. Mlango ukafunguka kabla sijasema.

Alitoka mwenyewe. Alipita mbele ya mkwe uso ameugeuzia upande, khanga ameishika shavuni, hadi uwanjani. Hakuwa na hasira. Hilo nalikumbuka kuliko mengine yote, kwa sababu mimi nilikuwa nazo za kutosha watu wawili.

"Mwalimu, mwambie mkwe anifuate," akasema. "Asinikaribie sana."

Tukatoka hivyo, yeye mbele na fimbo yake, mkwe nyuma kwa umbali wa heshima, binti akiuliza tunakwenda wapi na hajibiwi, mimi mwisho. Tukapita njia ya miguu kati ya mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa, tukaingia mji wa jirani, nyumba na zizi ndani ya ua. Hodi ikapigwa. Akatoka mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akapiga magoti kumsalimu, na bila kuulizwa kitu akatuongoza zizini. Mama akainua fimbo, akaitikisa kuelekea kundi la ng'ombe waliokuwa pale.  Akageuka, tukanywa maziwa ya mgando tuliyoletewa, tukaenda mji wa pili.

Kule nako zizi, nako fimbo. Mji wa tatu palikuwa na mzee aliyekuwa na jicho moja, akamkaribisha mama kama dada yake, na ng'ombe wa kwake walikuwa wanono hadi wanang'aa. Fimbo ikatikiswa. Ndipo nikaanza kuelewa, nikamsogelea mama nikamuuliza hawa wote ni wa nani. Akasema ni wake, lakini wako kwa watu. Huyu alifiwa na mume, akampelekea ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya watoto. Yule ng'ombe wake walikufa kwa ugonjwa, zizi likabaki tupu, na zizi tupu linamzeesha mwanamume, akampelekea wachache. Anayewatunza anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba lake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, lakini anayetunza vizuri hakosi kupewa mmoja awe wake.

"Kwa nini usikae nao kwako?" nikauliza. Lilikuwa swali la mtoto wa mvuvi mwenye redio.

"Wakikaa pamoja, ugonjwa ukija wanakufa pamoja," akasema. "Mwizi akija anawakuta pamoja. Na mimi nikianguka kisimani nikaita, nani atanisikia? Ng'ombe hawasikii. Lakini jirani mwenye ng'ombe wangu anasikia hata nikikohoa."

Tukatembea. Nilitazama mgongo wake mdogo mbele yangu na nikaona wazi kile ambacho Kiseke kingemfanyia. Siku akiingia kwenye geti lile la chuma, hawa wote wangemrudishia ng'ombe zake kwa adabu, mmoja mmoja, kwa kuwa mji umefungwa. Angebaki na vigae na tangi la maji, na asubuhi hakuna mtu anayejua kama ameamka.

Kwenye mji wa nne binti ndiye aliyesimama. Mwanamke mzima wa pale alimkumbatia, akamwita kwa jina la utani la utotoni ambalo mumewe hakuwahi kulisikia, akamwonyesha ng'ombe mkubwa mwenye baka jeupe. "Huyu, bibi yake ndiye aliyeuzwa akakupeleka shule," akasema, kama mtu anayetambulisha ndugu. Binti akageuka kwa mama yake.

"Mama. Uliniambia Mungu amefungua njia."

"Si alifungua?" mama akasema. "Njia ilipita hapa."

Binti hakulia safari hii. Alikwenda akaweka kiganja kwenye shingo ya yule ng'ombe, akakaa nacho hapo muda mrefu.

Mkwe alikuwa akiyatazama mazizi tangu mji wa pili. Sasa alikuwa ameinua kidole, anahesabu ng'ombe wa zizi lile taratibu, midomo inatembea, mmoja, wawili, watatu. Binti akaruka akamshika mkono akaushusha chini kwa nguvu.

"Hatuhesabu," akamwambia kwa Kiingereza. Alisema hatuhesabu, na aliposema nilimwona mama yake, aliyekuwa amegeukia upande kwa heshima, anasimama wima zaidi kidogo.

Mkwe akatazama mkono wake ulioshikwa. Akatazama kule tulikotoka na kule ambako bado hatujafika, maana mama alikuwa ameshaanza kuchukua njia nyingine. Akainama akaokota bua kavu la mtama, akalinyoosha kwa zizi, akalitikisa, na akausema ule msemo wote, polepole. Kisha akacheka hadi akakaa chini kwenye jiwe. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa ameusikia tangu bibi yake afe, na kwamba bibi yake huyo alikuwa na kuku tu.

Hatukumaliza miji yote. Jua lilikuwa limeelemea, mkwe viatu vimemchubua, na mama akasema waliobaki hawakimbii. Tulirudi, yeye akaingia nyuma ya mlango wake, mkwe akakaa barazani, na sasa aliutazama ule mlango kama mtu anayetazama ofisi ya mkubwa. Tukaletewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Suala la kuhama halikutajwa tena na mtu yeyote. Lililobaki ni nyumba. Mkwe akamwomba mkewe aulize, kwa heshima zote, ile ya Kiseke sasa wafanye nayo nini.

Mlango ukafikiri kidogo.

"Nyumba ikikaa peke yake inakufa," ukasema. "Iwekeni kwa mtu."

"Kwa nani, mama?"

Fimbo ikatokeza kwenye upenyo. Ikaelekea upande wa mkwe, ikampita, ikampita binti, ikasimama kwangu.

Nilikataa, bila shaka. Nilikataa mara mbili kama inavyotakiwa, na mara ya tatu nikajikuta ninalia mbele ya watu, mimi niliyekuja kusimamia matamshi. Mama alinieleza masharti kupitia mlangoni, hayakuwa marefu. Nyumba ni yao. Kivuli ni changu. Nifagie, nifundishe, paa likivuja niseme.

Ndivyo nilivyohamia Kiseke. Darasa liko barazani sasa, upepo wa ziwa unafika, na feni mbovu nilimwachia mwenye duka. Mama huja mara moja moja, hushuka na kibuyu chake cha maziwa, hukaa mkekani pembeni akisikiliza watu wazima wakihangaika na Kiingereza. Sentensi yake ni ile ile moja. Anasema inamtosha.

Siku moja mama alikuwepo kaka yangu alipokuja kutoka Mara. Aliingia getini, akasimama. Akatazama vigae, akatazama tangi, akatazama wanafunzi wangu wamekaa kwenye viti vya maana, na nikaona uso wa baba yetu unamjia usoni, ule wa siku ambayo ziwa limetoa.

"Dada, mambo yako makubwa," akasema. "Umejenga?"

Damu ya baba ilipanda. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, ubao mzima.

"Aa, kaka, tupo tu," nikasema. "Hatuna kitu."

Nyuma yangu, mkekani, nikasikia khanga inavutwa kufunika kicheko. Nilipogeuka, fimbo ilikuwa imeinuliwa, inatikisika taratibu kuelekea kwangu.